Mama anasujudu tena baada ya sindano ya goti, nimwambie nilichosoma?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Tanga, Ngamiani. Jina langu naomba usiliweke manake kaka yangu nae huwa anasoma safu hii na sitaki ajue ni mimi kabla sijajua nafanya nini.

Mama yangu ana miaka 64. Zaidi ya miaka 30 amepika vitumbua alfajiri, amekaa kwenye kigoda kile kifupi, magoti yamekunjwa, jiko la mkaa mbele yake, na vitumbua hivyo ndo vilivyotusomesha sisi wote wanne baada ya baba kufariki. Magoti yalianza kumsumbua kama miaka 7 iliyopita, lile la kulia zaidi. Akisimama linalia, asubuhi linakuwa limekaza mpaka atembeetembee ndani ndo linalegea, akipanda ngazi anashika ukuta. Tukampeleka akapigwa eksrei, tukaambiwa magoti yamesagika, la kulia lipo daraja la pili kuelekea la tatu. Akapewa vidonge vya maumivu akawa anavimeza kila siku kama pipi, presha yake ikapanda sana, daktari wa presha akamkataza vidonge vile na akamkataza pia mafuta na sukari.

Ila kilichomuumiza mama kuliko vyote ni swala. Mwaka juzi alianza kuswali kwenye kiti. Hakulalamika hata siku moja, lakini nilikuwa namuona akimaliza anaangalia mswala wake umekunjwa pale pembeni, anashusha pumzi, basi. Mtu aliyesujudu maisha yake yote, Shangazi, unaelewa.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, anafanya kazi ya udereva. Akasikia kuna kituo binafsi Dar wanachoma sindano ya goti, wanakutoa damu yako mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, yale majimaji ya njano yanayobaki juu wanayachoma gotini. Sindano moja 350,000, na zinatakiwa tatu, kila wiki moja. Kaka akatuma hela, mama akakaa kwa mama mdogo Mbagala wiki tatu, mwezi wa kwanza mwaka huu, akachomwa goti la kulia. Wakamwambia gegedu, ile tabaka laini inayokinga mifupa ya goti isisagane, litaota upya. Wakampa na karatasi ya mazoezi.

Aliporudi kaka akapiga simu akasema ole wake mtu amrudishe mama kwenye kigoda aharibu sindano. Likanunuliwa jiko la gesi la plet mbili likawekwa juu ya meza, saivi anapika amekaa kwenye kiti cha kawaida. Mwanangu wa darasa la tano akaichukua ile karatasi ya mazoezi akawa kila jioni anafanya na bibi yake, wanahesabu pamoja, kunyoosha mguu, kukaa na kusimama kwenye kiti, mpaka wanacheka. Mama kapungua pia, magauni yanampwaya.

Mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, naingia chumbani kwake namkuta yuko chini kwenye mswala amesujudu. Nilirudi nyuma nikakaa ukumbini nikalia.

Sasa shida inaanzia hapa. Mwezi wa sita kile kituo kikapiga simu kwamba miezi sita imefika, sindano zirudiwe, na wanashauri safari hii magoti yote mawili, jumla 2,100,000. Mkataba wa kaka umeisha na bado hajapata mwingine. Kwahiyo kaka kasema tuuze shamba la machungwa la Muheza, ekari 2, ndo kitu pekee alichotuachia baba, na kila msimu tunapata chochote cha kulipa ada za watoto na dawa za mama za presha. Mama mwenyewe kasema "uzeni tu, mimi nataka nisujudu mpaka siku yangu ifike".

Mtoto wa dada yangu yuko chuo cha afya. Nilipomwambia habari za shamba akanyamaza, halafu akanitumia utafiti uliofanyika Australia. Nikakaa na simu natafsiri mstari mmoja mmoja. Wamechukua watu wenye magoti kama ya mama, nusu wakachomwa hiyo ya damu na nusu wakachomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, mwaka mmoja baadae hakuna tofauti. Maji ya chumvi, Shangazi! Milioni na ushee za kaka aliyekuwa analala kwenye gari ili apate kutuma!

Nimebaki na hili jambo kifuani wiki tatu sasa. Nikimwambia mama kwamba sindano yake ndani hamna kitu, je maumivu si yatarudi? Nitakuwa nimemuinua mwenyewe kutoka kwenye mswala. Nikinyamaza shamba linauzwa, na miezi sita mingine tutauza nini? Nikimwambia kaka ataona namuonea wivu, manake ni kweli kila mgeni akija mama anamwambia "mwanangu wa Muscat kanirudishia magoti yangu", na mimi nipo hapohapo namkaribisha mgeni chai. Lakini wallahi si wivu. Nataka tu kujua cha kufanya.

Mimi binti yake, Ngamiani

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa wiki tatu za kubeba hili peke yako.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama nesi mstaafu, na mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi kwasababu kuna vitu umeviandika wewe mwenyewe ukavipita haraka na mimi nataka turudi navyo nyuma. Mimi si daktari wa mifupa, goti la mama yako sijaliona. Lakini huo utafiti naujua, na hiyo hali ya kujua kitu ambacho ukikitamka kitamuumiza mtu unayempenda naijua pia.

Nikikuelewa vizuri, unaona una njia mbili tu. Useme ukweli mama apoteze sujudu yake, au unyamaze familia ipoteze shamba. Na katikati umemuweka kaka, ambaye ukimgusa tu utaonekana una kijicho. Kabla hujachagua ngoja tuuangalie huo ukweli wenyewe, manake nadhani umeusoma ukiwa na hofu, ukachukua nusu.

Kwanza jinsi tafiti hizi zinavyofanywa. Sisi watu wa Tanga si wageni nazo, ile chanjo ya malaria ya watoto ilijaribiwa hapahapa kwetu Korogwe, na kule Bagamoyo pia, kuanzia 2009 mpaka 2014, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Wako wazazi waliokuwa wanawapeleka watoto kliniki hawajui mtoto kachomwa ya malaria au kachomwa ya ugonjwa mwingine, wale wakubwa kidogo wasiopata ya malaria walipewa ya kichaa cha mbwa. Haikuwa kuwadanganya, walielezwa kabla na wakasaini. Ilikuwa hivyo ili mwisho wa hesabu kama waliochanjwa wameugua malaria mara chache kuliko wengine tujue ni chanjo iliyofanya kazi, si kwamba wazazi wao waliongeza umakini na neti.

Australia walifanya hivohivo kwa goti. Watu 288, miaka 50 na kuendelea, Sydney na Melbourne, magoti yaliyosagika kiasi, daraja la pili na la tatu kama la mama yako. Wote walitolewa damu, hata wale ambao damu yao isingetumika, na bomba la sindano likafunikwa ili mgonjwa asione rangi ya kilichomo. Sindano tatu kila wiki moja. Matokeo yalitoka 2021. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 10, waliochomwa ya damu walipungukiwa pointi 2.1, waliochomwa maji ya chumvi walipungukiwa 1.8. Tofauti ndogo mno, inaweza kuwa ya bahati tu. Na gegedu walilipima kwa picha za MRI, zile zinazoonyesha ndani ya goti, lilikuwa limeendelea kupungua kidogo kwa makundi yote mawili karibu sawasawa. Kwahiyo lile neno la "gegedu litaota upya" utafiti huu haukulikuta, na hapo una haki ya kukasirika.

Lakini rudi kwenye namba ya pili, mwanangu. Wale wa maji ya chumvi nao walipungukiwa, 1.8, na mwaka mzima baadae bado walikuwa na nafuu ile. Hawakuwa wanaigiza. Huu utafiti haujasema watu hawapati nafuu, umesema nafuu ile haikutoka kwenye kile kilichozungushwa kwenye mashine. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, na wewe umeyabeba kama moja ukasema "ndani hamna kitu". Halafu tuwe wa haki, madaktari wenyewe hawajamaliza kubishana, zipo tafiti nyingine ndogondogo zilizoona sindano hii inasaidia, na namna ya kuitayarisha si moja kila mahali. Watu wa kile kituo wanaweza wakawa wanaamini wanachokifanya. Mimi nikiulizwa natazama zaidi ule utafiti ambao mgonjwa na mchomaji wote hawakujua kilichomo kwenye bomba, na kwa hiyo niko karibu na wewe kuliko kituo. Ila sitatumia neno utapeli.

Nafuu inatoka wapi basi? Maumivu ya goti lililosagika hayakai sehemu moja, yanapanda na kushuka kama maji ya bahari yetu hii. Mtu anauza kitu akatibiwe wakati yamepanda kabisa, na baada ya hapo hata asipofanya lolote mara nyingi yatashuka. Kingine ni kule kuhudumiwa, mtu kukushika goti, kukusikiliza, mtoto wako kukutumia hela kutoka mbali, mwili unasikia hivyo vitu. Mwaka 2002 kule Houston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 180 waliokuwa wafanyiwe ile operesheni ya kuingiza kamera gotini na kusafisha. Baadhi yao walichanwa ngozi tu, matundu matatu, vifaa havikuingia ndani, wakashonwa. Waliwafuatilia miaka miwili, wale waliosafishwa kweli hawakuwa na nafuu kuwazidi wale waliochanwa ngozi. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, wamesaini karatasi wakijua wanaweza kuangukia kundi hilo, na bado miguu yao ilipata nafuu.

Na sasa nakuja kwenye kalamu yangu. Umeandika kwamba mwezi uleule wa sindano mama aliacha kigoda. Miaka 30 goti limekunjwa alfajiri nzima, halafu ghafla halikunjwi tena. Umeandika mjukuu anamfanyisha mazoezi kila jioni, kusimama na kukaa kwenye kiti, hiyo ndo inayoimarisha misuli ya paja ambayo kazi yake ni kulibebea goti mzigo. Umeandika kapungua mpaka magauni yanapwaya. Unajua watafiti wa Marekani walipima wazee wanene wenye magoti hivi wakakuta kilo moja ikitoka mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua? Kila hatua. Hesabu hatua za kutoka nyumbani kwenu mpaka sokoni. Sasa mambo manne yametokea kwa pamoja na mnalishukuru moja, lile lililolipiwa ghali. Hata mimi siwezi kukuambia lipi limemsaidia mama kiasi gani. Lakini na wewe huwezi kusema kwa uhakika kwamba aliyemuinua ni sindano wala kwamba nafuu yake ni ya uongo.

Hofu yako kubwa ni kwamba ukisema, maumivu yatarudi. Sitakuambia haiwezekani, imani inapovunjwa vibaya mwili unaweza kusikia. Ila ngoja nikupe kitu ambacho mimi mwenyewe nilipokisoma nilishangaa. Denmark, hospitali moja ya Copenhagen, walichukua watu 206 wenye magoti haya. Kundi moja wakapewa mafunzo na mazoezi kwa wiki 8. Kundi la pili wakachomwa maji ya chumvi gotini, na safari hii waliambiwa wazi kabisa, hii ni maji ya chumvi. Matokeo yalichapishwa 2022. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu zenyewe hazikupishana sana. Wameambiwa ni chumvi na bado! Utafiti huo mmoja na wa muda mfupi usiubebe kama msahafu, kati ya kuambiwa kabla na kuambiwa baada ya miezi sita kuna tofauti, kati ya mtu wa Copenhagen na mama yako kuna tofauti. Lakini unanipa mimi moyo kwamba ukweli ukisemwa kwa upole haufuti kila kitu.

Na utafiti huohuo unatufundisha adabu sisi watu wa mazoezi. Mazoezi hayakuishinda chumvi pale. Kwahiyo usiende kwa mama ukasema "si sindano, ni mazoezi yangu", manake hilo nalo hulijui. Ninachoyapendea mazoezi ni kwamba tafiti nyingi nyingine zimeyaona yanasaidia, yanasaidia na presha yake, na mjukuu hatumi bili.

Sasa shamba. Naona umeyafunga mambo mawili kamba moja, sindano ile ilifanya nini na shamba liuzwe au lisiuzwe. Jaribu kuyafungua. Swali la kwanza linaweza kusubiri hata miaka. La pili lina tarehe. Na kwa la pili huhitaji hata kusema neno chumvi. Kule Australia watu walichomwa mzunguko mmoja tu wa sindano tatu, wakapimwa baada ya miezi 12, hawakurudiwa baada ya miezi sita. Mama yako leo ana nafuu, anasujudu. Goti la kushoto umeniambia muda wote halikuwa la shida zaidi. Mnaweza kukiuliza kituo, kwa adabu tu, kwanini mgonjwa mwenye nafuu arudie sasa, kwanini na goti lingine, kuna ushahidi gani wa gegedu kuota na je watamuonyesha kwa picha, na wakichoma wakakuta halijabadilika wanafanya nini. Muandike majibu. Mnunuzi wa shamba Muheza hakosekani, akikosekana mwezi huu atapatikana mwingine, lakini shamba likishauzwa halirudi.

Ukisubiri kuna hatari yake pia, nisikufiche. Maumivu yanaweza kupanda tena kwa sababu ya kwao tu, ile ya kupanda na kushuka niliyokuambia, na siku hiyo kidole kitakunyooshea wewe. Ndo maana napenda mtu aweke kumbukumbu. Kituo kinauza tiba, hakifanyi utafiti, hakuna atakayekuja Ngamiani baada ya miezi 12 na daftari. Wekeni ninyi. Kila Ijumaa mjukuu amuulize bibi, maumivu ya wiki hii kuanzia 0 mpaka 10 ni ngapi, na swala ngapi umesujudu chini. Aandike. Baada ya miezi miwili mitatu mtakuwa mnaongea na kitu mkononi.

Hapohapo niweke tahadhari moja, ikitokea mtu akawaambia kuna sindano nyingine ya bei rahisi, zile za steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe. Zinaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, daktari anaweza kuwa na sababu ya kumpa mtu. Lakini watafiti wa Boston waliwachoma watu 140, nusu steroidi na nusu chumvi, kila wiki 12 kwa miaka miwili, matokeo wakayatoa 2017, waliochomwa steroidi gegedu lao lilipungua zaidi na maumivu hayakuwa na tofauti. Za kurudiarudia hizo muwe nazo makini. Na zile chupa za dawa ya miguu zisizo na lebo zinazopitishwa mitaani msimpe kabisa mtu wa presha. Kama hamjawahi, mpelekeni pale hospitali ya Bombo aonwe na mtu wa mazoezi tiba amkague mazoezi anayofanya kama ndo yenyewe. Na ikija kufika siku goti limechoka kabisa, kuna kubadilisha goti, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya, ni operesheni kubwa yenye faida kubwa na hatari zake, ila kwa daraja mlilonitajia huenda mko mbali na huko.

Nani aambiwe kwanza? Ukianza na mama, una hatari ya yeye kusikia kwamba watoto wake wanagombana juu ya goti lake, na mama wa aina yake atasema basi niacheni, arudi kwenye kiti, shida iishe. Ukianza na kaka una hatari ya kutoeleweka. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi yake kidogo. Mtu hana mkataba, yuko ugenini, anaona mama asiposujudu ni yeye kashindwa. Huenda na yeye anatafuta mtu wa kumwambia "tusiuze, tusubiri kidogo". Ukimpigia ukaanza na "nimesoma hela zako zilikuwa chumvi" umeshamkata miguu. Ukianza na "kaka, mama anasujudu, mimi nimeona kwa macho yangu, na naogopa tukiuza shamba dawa za presha tutanunua na nini" hapo mko upande mmoja. Utafiti unaweza kumtumia baadae, asome mwenyewe, na mtoto wa dada yenu amueleze. Kunyamaza pia ni njia, sitakudharau ukiichagua. Ila ukinyamaza ukaacha shamba liende, halafu mama akaja kusikia kwa mtu mwingine kwamba ulijua, hilo sijui kama mtalizungumza mkamaliza.

Na kuna mtu hajaulizwa. Mama kasema uzeni, ndio, lakini kasema akiwa ameambiwa kuna sindano au hakuna sujudu. Hajawahi kuwekewa mezani kwamba inawezekana akasujudu bila kuuza. Goti ni lake, shamba ni la mumewe. Siku utakayoona inafaa muulize kabla ya kumwambia lolote: mama, ukiacha sindano, ni kitu gani kingine unaona kimebadilika tangu ule mwezi? Halafu nyamaza umsikilize. Wazee wanajua miili yao, anaweza kukujibu yeye kile ambacho wewe umekikalia wiki tatu.

La mwisho ni hili la wivu, ambalo umelikataa kwa kiapo na mimi nakuamini. Lakini kuna kitu kinachofanana na wivu na si wivu, ni uchovu wa mtu anayefanya kazi isiyotajwa. Anayetuma hela kazi yake ina risiti. Anayeamka usiku, anayesikia mama akishusha pumzi mbele ya mswala, anayekaribisha wageni chai, huyo hana risiti. Inawezekana hasira zako kwa ile milioni zimechanganyika na hilo, na si dhambi, ila ulitenge pembeni kabla hujapiga simu Muscat ili lisipande kwenye sauti yako.

Umeniandikia bei ya kila sindano mpaka mia ya mwisho. Lakini lile jiko la gesi umeandika tu kwamba "likanunuliwa". Nimeirudia hiyo sentensi mara kadhaa, mwanangu. Kaka alisema kigoda basi, na jiko likanunuliwa. Nadhani namjua aliyelinunua, na nadhani ile siku ya Ijumaa uliyolia ukumbini ulikuwa na sehemu yako pale kwenye mswala. Niandikie tena mkishaongea.

Shangazi yako